Misa ya Kufungua Mwaka Haitoshi



Ndugu wapendwa katika utume wa walei, kila mwaka wa masomo unapoanza hapa Kisangani tunatimiza jambo moja kwa uaminifu mkubwa: tunawaalika wanafunzi wa Chuo Kikuu na wa vyuo vingine vya mji wetu kwenye Misa ya kumwomba Roho Mtakatifu. Kwaya huimba vizuri. Maprofesa huketi mbele. Padri huwaombea vijana akili na uvumilivu, na baada ya baraka ya mwisho tunapeana mikono uwanjani. Kisha kila mmoja hushika njia yake. Sisi tunarudi nyumbani kwetu. Wao wanapanda toleka, au wanatembea kwa miguu, hadi vyumba vyao vya kupanga huko Mangobo, Kabondo na Tshopo. Hatuwaoni tena mpaka Misa ya shukrani ya wale waliofaulu. Wale wasiofaulu hatuwaoni tena kabisa, wala hakuna anayeuliza walikwenda wapi.

Naandika leo kuipinga desturi hiyo, na kuipinga hoja inayoilinda. Hoja yenyewe niliisikia katika mkutano wetu wa mwezi uliopita, lilipoletwa pendekezo kwamba ukumbi wa parokia ufunguliwe jioni kwa ajili ya wanafunzi. Ndugu mmoja ninayemheshimu sana, mtu mzima aliyesoma kwa taabu na kufika mbali, alisimama akasema kwamba mwanafunzi amekuja mjini kusoma. Mwalimu amfundishe, mzazi amlipie, yeye mwenyewe ajitahidi. Hayo mengine yanayoitwa maisha ya chuo, yaani vikundi, michezo, washauri, chakula cha pamoja, ni anasa za Wazungu wenye fedha za kuchezea. Sisi, alisema, tulisoma kwa kibatari na tukafaulu. Wengi walipiga makofi. Pendekezo likaahirishwa.

Nianze na kibatari. Ni kweli wapo waliosoma kwa kibatari wakafaulu, na ndugu yetu ni mmoja wao. Lakini katika mkutano ule waliozungumza ni waliofaulu peke yao. Wale walioshindwa kwa sababu ya kibatari hicho hicho hawakuwapo kutoa ushahidi. Wako Isangi na Basoko, wako Opala na Bafwasende, wanavua samaki au wanalima mihogo. Si kazi ya aibu hata kidogo, lakini si kazi ambayo mama zao waliuza mawese miaka mingi ili wao waipate. Hakimu asiyesikiliza ila upande mmoja tungemwita mla rushwa. Tena tukumbushane kidogo. Wengi wa wale waliosoma wakati wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, UNAZA, yaani kati ya 1971 na 1981, walikuwa na kitanda katika bweni, walikuwa na mkahawa wa wanafunzi, na fedha kidogo ya serikali iliingia mfukoni mwao. Kibatari kilikuwa cha sekondari. Taabu za ujanani huongezeka kila zinaposimuliwa, nami simo nje ya kosa hilo.

Sasa nieleze kilichonibadilisha, maana zamani nami ningepiga makofi. Nyuma ya nyumba yangu nina vyumba vitatu ninavyovipangisha kwa wanafunzi. Miaka michache iliyopita alikaa humo kijana kutoka upande wa Yahuma, aliyepanda mto kwa mashua ya mbao pamoja na gunia lake la mchele. Alikuwa mwaka wa pili. Hakuwa mlevi wala mwenye kelele. Kusema kweli nilimsifu kwa sababu hakunisumbua. Alikula mara moja kwa siku, jioni. Umeme ulipokatika, nanyi mnajua jinsi unavyokatika, alisoma kando ya barabara penye taa ya duka la jirani mpaka jirani alipozima jenereta. Ikafika miezi mitatu hajalipa kodi. Wiki ya mitihani nilitia kufuli mlangoni mwake, kama wafanyavyo wenye nyumba wengi, nikamwambia akileta fedha atafunguliwa. Ndani kulikuwa na silabusi zake na karatasi yake ya kuandikishwa mitihani. Alikuja siku mbili mfululizo kuniomba aichukue karatasi tu. Nilidhani ni ujanja. Mitihani miwili ikapita. Jumapili tulipeana amani ya Kristo kanisani, mkono kwa mkono, naye hakusema neno. Wiki iliyofuata aliniachia godoro badala ya deni, akateremka na mto kurudi kwao.

Godoro lile ninalo bado. Kosa la kufuli ni langu, nimeliungama, na sitaki mtu anipunguzie. Lakini kuna jambo la pili linalotuhusu sote. Katika miezi 14 aliyokaa kwangu hakuna mtu aliyekuja kumwulizia. Si mwenzake wa darasa, si msaidizi wa profesa, si mjumbe wa Jumuiya yetu Hai ya Msingi, ingawa jumuiya husali kila juma hatua 20 kutoka mlango wake. Alipokwisha kuondoka alikuja mmoja tu, akitaka kujua kama kijana ameacha silabusi ya takwimu. Hata wazo la kumwomba mtu mwingine aje kusema nami kwa niaba yake halikumjia, kwa kuwa hakuwa na mtu huyo. Mtu mmoja tu, mama mmoja wa jumuiya aliyebisha mlangoni kwangu na kuniambia, "Baba, mpe mtoto karatasi yake," angetosha. Tulikuwa tumemwombea akili na uvumilivu. Akili alikuwa nayo, na uvumilivu alikuwa nao kutushinda.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1975 mwanasosiolojia wa Marekani, Vincent Tinto, alichapisha makala kuhusu sababu za wanafunzi kuacha vyuo. Alieleza kwamba mwanafunzi hawezi kupimwa kwa uwezo wa akili tu. Yampasa pia kushikamana na masomo na kushikamana na watu, awe na wenzake, awe na mwalimu anayemfahamu, ajione kuwa wa mahali pale. Uhusiano huo ukiwa hafifu, huondoka, hata kama angeweza kufaulu. Wengine wamemkosoa, wakisema nadharia yake inamtaka kijana wa jamii ndogo aache ya kwao ili akubalike katika ya wengine, na ukosoaji huo una uzito, nitaurudia. Lakini najua ndugu yetu atasema hayo ndiyo yale yale ya Wazungu. Basi namwacha Tinto, tuje nyumbani, tuje kwa Kanisa.

Mtakatifu John Henry Newman, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu Katoliki cha Dublin kilichofunguliwa mwaka 1854, alitoa hotuba juu ya chuo kikuu ni kitu gani. Katika mojawapo alilinganisha vyuo viwili vya kufikirika. Kimoja hakina makazi wala walezi. Kinampa shahada yeyote anayefaulu mtihani. Cha pili hakina maprofesa wala mitihani. Kinawakusanya tu vijana waishi pamoja miaka mitatu au minne. Akasema, kama angelazimika kuchagua, angekiona hiki cha pili kuwa bora kwa kumkuza binadamu. Alijua anasema jambo la kushangaza, na hakutaka maprofesa wafukuzwe. Alitaka tuone kwamba vijana waishio pamoja vizuri hufundishana mambo ambayo hakuna mhadhara unaoyafundisha. Tujiulize bila kujificha: mji wetu unafanana na chuo kipi kati ya hivyo viwili?

Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, haukuzungumzia vyuo vya Kikatoliki tu. Uliwataka wachungaji wa Kanisa wahakikishe kwamba hata penye vyuo visivyo vya Kikatoliki pawepo nyumba za wanafunzi na vituo vya Kikatoliki, ambamo mapadri, watawa na walei waliochaguliwa kwa makini watawasaidia vijana kiroho na kiakili daima. Neno "walei" limo humo. Chuo Kikuu chetu kilizaliwa mwaka 1963 mikononi mwa ndugu zetu Waprotestanti, kwa jina la Chuo Kikuu Huria cha Kongo. Mwaka 1971 serikali ikakiingiza katika UNAZA, na tangu 1981 kinajitegemea kama Chuo Kikuu cha Kisangani. Hakikuwa chetu kamwe. Ni chuo cha namna hiyo hasa kilichotajwa na Mtaguso, na tumekuwa na miaka sitini ya kulisoma agizo hilo.

Kama bado mtu anasema ni anasa, namwomba atazame seminari zetu. Kanisa likitaka kumpata padri mmoja, halimpi kijana ratiba ya vipindi na kumwambia akajitafutie chumba Mangobo. Linampa kitanda, meza, saa ya kula, saa ya kusoma, saa ya mpira, mlezi wa kumwonya na mlezi wa kumsikiliza. Hakuna anayesema mseminari anadekezwa. Sisi sote tunajua kwamba bila hayo asingefika. Basi tumeamua lini kwamba daktari, hakimu na mwalimu wa kesho wanaweza kukomaa kwa mihadhara peke yake, halafu tushangae wanapotudai rushwa?

Mwenyeheri Floribert Bwana Chui wa Goma alikuwa kijana msomi, mtumishi wa ofisi ya kukagua bidhaa mpakani. Aliuawa mwezi Julai 2007, akiwa na miaka 26, kwa kukataa fedha ili apitishe chakula kilichooza. Alitangazwa mwenyeheri Roma tarehe 15 Juni 2025, nasi tulipiga vigelegele. Tukumbuke basi alikuwa wapi jioni zake. Alikuwa na wenzake wa Jumuiya ya Sant'Egidio, wakisali na kuwafundisha watoto wa mitaani. Wenzake wengi wana elimu kama yake. Jioni kama zile ni wachache waliozipata.

Na kama sisi hatujui thamani ya jioni ya kijana, wapo walioijua vema. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu ulipiga marufuku vyama vya vijana vya dini, ukataka vijana wote wawe chini ya JMPR, hata ndani ya seminari. Hakuhangaika sana na mhadhara wa hisabati. Alitaka saa zile ambazo kijana anaimba, anacheza, anakula na kujadiliana na wenzake, kwa kuwa humo ndimo moyo unapopata mwelekeo. Maaskofu wa wakati ule walielewa hivyo, ndiyo maana walipinga. Marufuku hayo yaliondoka zamani. Leo hakuna anayetuzuia, na jioni hizo tumeziacha wazi wenyewe.

Hazikukaa wazi. Hapa nafika penye uchungu zaidi, na naomba mnivumilie. Tangu Februari 2023 tumeyaona yaliyotokea ng'ambo ya mto, Lubunga na kandokando yake, kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola. Ugomvi wa ardhi umezaa mauaji, nyumba zimechomwa, maelfu wamevuka kuja upande huu wakiwa na watoto na mikeka tu. Watoto wa jamii zote mbili wanasoma katika vyuo vya mji huu. Wanakaa benchi moja asubuhi. Jioni wanakwenda wapi? Mgeni afikapo chuoni bila mtu, wa kwanza kumpokea ni chama cha watu wa kwao, na chama hicho, nakiri, mara nyingi ndicho pekee kinachomzika aliyekufa na kumchangia aliyelazwa. Sikilaumu. Wale waliomkosoa Tinto walikuwa na haki: kijana asidaiwe kuukana ukoo wake ili apokelewe. Lakini kama kila saa isiyo ya darasa anaiishi na wa kabila lake peke yao, basi habari zote za mapigano atazipata kwa upande mmoja, na siku atakapopewa panga hatakuwa na rafiki wa upande wa pili wa kumfikiria. Timu ya mpira, kikundi cha kusoma takwimu, sufuria moja ya lituma na sombe: vitu hivi vinavyoitwa vya kuchezea ndivyo vinavyomfanya adui awe na jina na sura. Kwa mji uliopigwa na majeshi ya kigeni siku sita mwezi Juni 2000, ukazika watu wake uani, tungekuwa wa kwanza kulielewa hilo.

Juu ya mabinti nitasema machache, kwa sababu mnayajua na tunayanyamazia. Msichana anayekaa peke yake kwenye chumba kisicho na komeo imara, anayedaiwa na mwenye nyumba, na ambaye mtu fulani chuoni amemwambia kwamba alama zake zina njia fupi, anahitaji kabla ya yote mwanamke mzima wa kumwambia. Mama zetu wa parokia wanaweza kuwa huyo mwanamke. Hakuna bajeti inayotakiwa.

Nakubali kwamba si kila kinachoitwa programu kinafaa. Nimehudhuria shughuli za vijana zenye bango kubwa, fulana mpya, hotuba tano na picha nyingi, na kesho yake hakuna mwanafunzi mmoja aliyekuwa na hali tofauti. Mapokezi ya wanafunzi wapya yanayowadhalilisha kwa jina la desturi si maisha ya chuo bali ni ukatili. Mikesha ya maombi ya usiku kucha wakati wa mitihani huwafelisha vijana na kisha kuwaambia ni pepo. Wala sisi tusijione wema sana: kwaya zetu huwashikilia wanafunzi mazoezini jioni nne kwa juma kuelekea Pasaka, bila mtu kuuliza nani ana mtihani Jumatatu. Pia sisemi kwamba ukumbi na sufuria vitachukua nafasi ya mishahara ya walimu, mabweni yaliyobomoka na wajibu wa serikali. Hayo tuyadai, na tuyadai kwa sauti. Ila kijana wa mwaka wa pili hawezi kusubiri serikali. Ana mitihani mwezi wa saba.

Jioni ile nyikani, wanafunzi wa Yesu walitoa shauri lenye busara zote za mkutano wetu: watu ni wengi, giza linaingia, waruhusiwe waende vijijini kila mmoja ajipatie chakula. Bwana alilikataa. Aliwaambia walishe wao wenyewe, kisha akauliza wana mikate mingapi.

Basi tuhesabu. Tuna ukumbi wenye meza na viti, unaofungwa saa kumi na mbili jioni. Tuna jenereta ya parokia, inayowashwa kwa ajili ya harusi. Tuna jumuiya zilizoenea katika kila mtaa wenye vyumba vya kupangisha, na kila jumuiya inaweza kuandika kwenye daftari majina ya wanafunzi waliomo, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, na kumteua mtu mmoja wa kuwabishia hodi kila juma mbili. Tuna walimu wastaafu wa hisabati na wa Kifaransa wanaolalamika kwamba hawana kazi. Tuna akina mama wanaopikia wageni mia mbili wakati wa upadirisho bila kutoka jasho. Sufuria ya maharagwe siku za mitihani haitawashinda. Na tuna wenye nyumba, ambao katika chama hiki si wachache, nami ni mmoja wao.

Pendekezo la ukumbi nitalileta tena mkutano ujao, likiwa na hesabu ya mafuta ya jenereta kwa miezi mitatu, ili asiyelitaka alikatae kwa tarakimu na si kwa habari za kibatari. Kwa wenye nyumba nimeandika karatasi nyingine, fupi. Inasema kwamba tangu wiki mbili kabla ya mitihani hadi mtihani wa mwisho hatutatia kufuli kwenye mlango wa mwanafunzi, awe anadaiwa kiasi gani, na kwamba deni litazungumzwa mbele ya mjumbe wa jumuiya baada ya hapo. Jina langu liko juu. Karatasi iko kwa katibu, na kalamu ipo.